Mpira Bila Daftari

Timu yetu ilivunjika kwa sababu ya shilingi 4,500. Wachezaji kumi na tano, kila mmoja anatoa shilingi 20 kila Ijumaa baada ya mazoezi, kwa wiki kumi na tano. Piga hesabu mwenyewe. Pesa hizo zilikuwa za kiingilio cha mashindano ya Desemba, na zikibaki tuongeze jezi. Mshika pesa nilikuwa mimi. Siku ya kulipa ilipofika nikasema pesa hazipo, zimeenda kwenye mguu wa mwenzetu aliyeumia tulipocheza na vijana wa zoni ya pili. Mmoja akauliza, "Zote?" Nikasema zote. Akauliza tena, "Umeandika wapi?"

Sikuwa nimeandika popote.

Wiki haikuisha, timu ikawa mbili. Wanane wakabaki na uwanja wetu wa karibu na laga, saba wakahamia upande wa pili. Kila mtu alikwenda na jezi aliyokuwa ameivaa. Kwa hiyo leo kuna timu yenye jezi nane na timu yenye jezi saba, na hakuna hata moja inayoweza kuvalisha watu kumi na mmoja. Tukikutana tunachezeana rafu utafikiri tumeuana wazazi. Na sote tumezaliwa hapa hapa Kakuma, tumesoma darasa moja, tumepanga foleni moja ya maji.

Mimi ni mfanyakazi wa vijana, kazi yangu ni kuwaleta watu pamoja. Baada ya aibu hiyo nilianza kuuliza: hivi ni sisi tu? Klabu kubwa zilianzaje, zilipata wapi pesa, ziligombana kwa nini, na kwa nini nyingine ziligombana na bado zipo? Niliuliza wazee, nikasoma, nikasikiliza redio. Haya ndiyo niliyoyapata. Naanza na kwetu, ingawa kwetu sijawahi kukuona.

Fungu la mpira

Wazazi wangu ni Wabajuni wa Burgao. Ukitazama ramani, Burgao iko bara, kwenye mdomo wa hori, kusini ya Kismayo na kaskazini ya Ras Kiamboni. Mbele yake baharini kuna visiwa vyetu: Chovai, Chula, Koyama, Ngumi. Waingereza waliiandika Port Durnford kwenye ramani zao. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Jubaland kwa Italia, na tangu hapo mpaka ukapita kati ya Wabajuni wa Burgao na Wabajuni wa Kiunga na Faza, watu wa ukoo mmoja na lugha moja.

Babu yangu aliniambia walicheza mpira ufukweni maji yakitoka. Uwanja ulikuwa unakuja na kuondoka na bahari. Mkichelewa kuanza, kipindi cha pili mnacheza na maji magotini. Watani wao walikuwa vijana wa Chula. Upepo ukiwa mzuri walipanda mashua kwenda kucheza huko, na wakifungwa walirudi usiku, ili wanawake wasiwaone wakishuka.

Nilimuuliza, "Babu, mpira mlinunua na nini?" Akacheka. Akanieleza jinsi samaki wanavyogawanywa. Chombo kikirudi, samaki wanamwagwa mchangani. Kuna fungu la mwenye chombo, kuna fungu la nyavu, kuna fungu la nahodha, kisha mafungu ya mabaharia. Kila fungu linapangwa peke yake, wote wamesimama wanaangalia. Ukiona fungu lako dogo unasema pale pale, kabla hujaliinua. Ukishaliinua umekubali.

Vijana wa Burgao, alisema, waliomba fungu moja zaidi. Mara moja kwa juma, kwenye chombo kimoja, waliweka fungu la mpira. Samaki wake wanauzwa, pesa anapewa mzee mmoja, na mtu akienda Kismayo anatumwa mpira. Mpira ukitoboka unarudishwa kwa mzee yule yule, na kila mtu anajua umetoboka lini na nani aliupiga kwenye mwiba.

"Hamkuwahi kugombana?" nikamuuliza.

"Kila siku," akasema. "Lakini tuligombana juu ya goli. Juu ya fungu hatukugombana, maana sote tuliliona."

Maneno hayo niliyasikia nikiwa kijana mdogo na sikuyajali. Sasa nayakumbuka kila nikipita laga.

Msimbazi na Jangwani

Hakuna ugomvi wa mpira unaojulikana zaidi katika lugha yetu kuliko wa Simba na Yanga. Hapa kambini utakuta Mkongo, Mrundi na Mbajuni wanabishana juu yake kwenye duka la kuchajia simu, na hakuna hata mmoja aliyefika Dar es Salaam.

Yanga, yaani Young Africans, ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka mmoja baadaye, 1936, kundi lililojitenga likaanzisha klabu yake. Klabu hiyo ilibadilisha majina, Queens, Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Yaani hawa watani wa jadi walikuwa watu wa nyumba moja. Walitoka mlango mmoja, kama sisi na wale saba wa ng'ambo ya laga.

Na hawakupasuka mara moja tu. Katikati ya miaka ya sabini Yanga iligawanyika tena, na waliotoka wakaanzisha Pan African, timu iliyofika mpaka kuchukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1982. Simba nayo ilipasuka miaka hiyo hiyo, ikazaliwa Nyota Nyekundu. Lakini klabu mama zilibaki. Kwa nini? Mimi naona sababu moja kubwa ni kwamba zilikuwa na wanachama wenye kadi, mkutano mkuu na jengo lenye anwani. Yanga wako Jangwani, Simba wako Msimbazi. Mchezaji anaweza kuondoka, mfadhili anaweza kuondoka, mwenyekiti anaweza kupinduliwa, lakini orodha ya wanachama inabaki, na mtu mwenye kadi anaweza kusimama kwenye mkutano akauliza pesa ziko wapi.

Siku hizi pesa zenyewe ni nyingi. Wanachama wa Simba walikubali mabadiliko ambayo mfanyabiashara Mohammed Dewji angechukua asilimia 49 ya hisa kwa shilingi bilioni 20 za Tanzania, na wanachama wakabaki na asilimia 51. Yanga nao wamesimama na kampuni ya GSM. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha ligi ya Tanzania, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Na Azam wana timu yao pia, Azam FC, iliyoanzishwa mwaka 2004, ikapanda ligi kuu mwaka 2008, ikachukua ubingwa msimu wa 2013/14 bila kufungwa hata mechi moja. Ona hapo: miaka kumi, na timu ya vijana wa kazini ikawapita wakongwe wote wawili.

Ile bilioni 20 ya Simba ilizungumzwa kwa miaka. Watu waliuliza kwenye redio, kwenye mikutano, hata kwenye daladala: imelipwa lini, imeingia wapi? Wengine waliona ni fitina za watani. Mimi naona ni afya. Kama mtu anaweza kumuuliza tajiri hadharani juu ya bilioni 20, basi na mimi ilikuwa haki niulizwe juu ya 4,500.

Lakini tusiwafanye malaika. Tarehe 8 Machi 2025 mechi ya Simba na Yanga haikuchezwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walisema wamezuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, wakatangaza hawatacheza, na mechi ikaahirishwa. Mashabiki walikuwa wamesafiri kutoka mikoani, wamelipa nauli, wamelala kwa ndugu. Mechi ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0. Uhasama ndio unaojaza uwanja, na uhasama huo huo ukizidi unaufunga. Aliyelipa nauli ndiye anayekula hasara.

Mkono mmoja

Sasa turudi kwenye nchi ya wazazi wangu. Kabla ya vita, klabu kubwa za Mogadishu zilikuwa na wenyewe. Horseed ilikuwa ya jeshi. Heegan ilikuwa ya polisi. Wachezaji walikula kutoka kwenye mkono wa serikali, na mkono huo ulikuwa na nguvu: mwaka 1977 Horseed walifika fainali ya kombe la klabu la Afrika Mashariki na Kati. Miaka hiyo hiyo ya sabini uwanja mkubwa wa Mogadishu ulijengwa kwa msaada wa China.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka. Mkono ukakatika. Wenyewe waliokuwa wanalisha mpira hawakuwapo tena, na ule uwanja mkubwa ukageuka kambi ya wenye silaha: kundi hili likitoka, lile linaingia, mpaka majeshi ya AMISOM walipoukabidhi mwaka 2018. Ulifunguliwa tena kwa michezo mwaka 2020. Hesabu ni watoto wangapi walizaliwa wakakua wakati nyasi za uwanja ule zinakanyagwa na viatu vya jeshi.

Kwetu Burgao na visiwani hakukuwa na uwanja wa kuvamia. Walivamia mashua, nyavu na nyumba. Wabajuni hatukuwa na wanamgambo wa kutulinda. Watu walipanda vyombo vilivyobaki wakaelekea kusini: Kiunga, Lamu, Malindi, Mombasa. Familia yangu ilikaa kambi ya pwani. Kambi za pwani kama Utange na Jomvu zilipofungwa katika miaka ya tisini, wengine walirudishwa Kismayo na visiwani, wengine wakaletwa huku juu, mbali na bahari. Babu alikuwa anasema Kakuma ni ufukwe ambao maji yametoka na hayajarudi.

Kenya nayo ina habari yake ya mkono mmoja. Mwaka 1965, ligi ya taifa ikiwa na umri wa miaka miwili tu, bingwa alikuwa Feisal ya Mombasa. Ndiyo, timu ya pwani. Baadaye nguvu zikahamia Nairobi, kwa klabu za watu waliotoka magharibi ya nchi kutafuta kazi mjini: AFC Leopards, iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya, na Gor Mahia ya mwaka 1968. Zilikuwa na jambo ambalo wakimbizi tunalielewa vizuri: ukiwa mbali na kwenu, timu ndiyo kijiji. Gor Mahia wakafika mpaka kuchukua Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987.

Miaka ya karibuni watani hao wa Nairobi walikuwa na mfadhili mmoja wa jezi, kampuni ya kamari ya SportPesa. Mwaka 2019, baada ya mvutano wa kodi na leseni na serikali, kampuni ikasimamisha kazi zake Kenya, na ufadhili ukaenda nayo. Fikiria: Gor na Leopards hawapikiki chungu kimoja, lakini njaa yao iliingia siku moja kwa mlango mmoja. Baadaye klabu zote mbili ziliwahi kufungiwa na FIFA zisisajili wachezaji, kwa sababu ya madeni ya watu waliowaajiri zamani na hawakuwalipa. Mashabiki wapo, nyimbo zipo, historia ipo, lakini deni lililoandikwa lilikuwa na nguvu kuliko nyimbo zote.

Mombasa wamebaki na Bandari, timu ya Mamlaka ya Bandari za Kenya. Bandari ikifanya kazi, timu inakula.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili, hapa nazungumza nanyi kwa heshima. Mpira wa kambini unakula kwenye mkono wenu. Mradi ukija, tunapata jezi, koni, filimbi na mafunzo ya siku tatu yenye chai. Mradi ukiisha, tunabaki na picha. Siwalaumu kwa kuondoka, kila mkono unaondoka siku moja, hata wa jeshi, hata wa kampuni ya kamari. Lakini mnapotupa jezi kumi na tano na hamtuulizi zimeandikwa kwenye kitabu gani, mnatufundisha kuwa jezi ni za aliyezivaa. Na sisi tumejifunza somo hilo vizuri sana. Nenda laga ukahesabu: nane huku, saba kule.

Asilimia tano

Kila mtoto hapa anamjua Awer Mabil. Alizaliwa Kakuma mwaka 1995, wazazi wake wakiwa wamekimbia Sudan Kusini ya leo. Mwaka 2006 familia ikapelekwa Australia. Akacheza Adelaide United, akanunuliwa na FC Midtjylland ya Denmark mwaka 2015, akavaa jezi ya taifa ya Australia mwaka 2018. Juni 2022, kwenye penalti za mwisho dhidi ya Peru, alifunga yake, na Australia wakaenda Kombe la Dunia. Yeye na ndugu yake hawakutusahau, shirika lao limeleta viatu na vifaa hapa.

Vijana wangu waliniuliza, "Mabil aliponunuliwa, Kakuma ilipata ngapi?" Nikaona aibu kwamba sijui hata kama inapaswa kupata. Nikaenda kusoma.

Kumbe sheria ipo, tangu mwaka 2001. Mchezaji mwenye mkataba akinunuliwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea. Hesabu inaanza mwaka anaotimiza miaka 12 na kuishia mwaka anaotimiza 23. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, klabu aliyokuwa nayo inapata robo ya asilimia moja ya bei yote. Kwa kila mwaka kati ya 16 na 23, inapata nusu ya asilimia. Jumlisha miaka yote kumi na miwili, inatoka 5 kamili. Kuna malipo mengine pia ya malezi, kijana anapotia saini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Na tangu Novemba 2022 FIFA wana ofisi maalumu Paris ya kukusanya na kugawa pesa hizi, kwa kuangalia rekodi za usajili wa mchezaji kwenye kompyuta.

Yaani kwa maneno ya babu, dunia nzima imekubali kuwe na fungu la aliyemlea mtoto. Lakini fungu hilo linapelekwa kwa jina lililoandikwa. Klabu lazima iwe imesajiliwa na shirikisho la nchi, na mtoto awe amesajiliwa na klabu. Mabil alitimiza miaka 12 mwaka 2007, akiwa tayari Australia, kwa hiyo hata kama Kakuma ingekuwa na klabu yenye vyeti vyote, isingepata kitu kwake. Hapo hakuna aliyetudhulumu.

Linaloniuma ni la mtoto mwingine. Simtaji jina. Alikuwa kiungo wetu, alikuja kwetu akiwa na miaka 12, akaondoka akiwa na 14. Mtu alikuja kumtazama mara mbili, mara ya tatu akaja na viatu vya mpira kwa mtoto, mipira miwili kwetu na ahadi ya shule. Mama yake alikubali, ruhusa ya kutoka kambini ikapatikana, akaenda klabu ya mjini. Mimi mwenyewe nilipiga makofi. Hatukutia saini chochote na hatukuulizwa chochote. Tuliona mipira miwili ni mikubwa.

Tufanye kwa mfano tu kwamba siku moja anauzwa nje kwa shilingi milioni 100. Miaka mitatu kwetu, 12, 13 na 14, kila mmoja robo ya asilimia: shilingi 250,000 mara tatu, ni 750,000. Kwa kiingilio chetu cha 4,500 ni mashindano zaidi ya mia moja na sitini. Labda hatauzwa kamwe, wengi hawauzwi. Mbwana Samatta wa Mbagala alipita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, Genk mwaka 2016, Aston Villa mwaka 2020, na huyo ni mmoja kati ya vijana wangapi? Sisemi tulee watoto kama mtu anayefuga mbuzi wa kuuza. Nasema kwamba miaka mitatu ya mtoto yule, vumbi alilokula na sisi, haipo mahali popote duniani kwenye maandishi. Akiulizwa alijifunzia wapi mpira, ushahidi ni mdomo wake tu.

Mchanga wetu

Kuna timu ya wasichana inayotumia uwanja wetu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Hawana jezi, wanavaa fulana za shule. Dada anayewashikia pesa ana daftari la kurasa 96, limefungwa kwa nailoni lisiliwe na vumbi. Nilimwomba anionyeshe. Kila ukurasa ni wiki moja. Majina, shilingi kumi kumi, na upande wa kulia matumizi: maji, uzi wa kushona mpira, panado. Chini wachezaji wawili wanatia saini, kila wiki wawili tofauti.

Nikamuuliza, "Dada, kwa nini wawili tofauti?"

"Ili kaka, siku nikifa au nikienda resetilmenti, wote wawe wamewahi kulishika."

Nilikaa chini nikaelewa maneno ya babu. Burgao hawakuwa na daftari, lakini walikuwa na mchanga. Fungu lilimwagwa mchangani watu wakaliona. Pesa zetu sisi ziko M-Pesa, ndani ya simu ya mtu mmoja, kwa namba ya siri. Hakuna mchanga. Daftari ndilo mchanga wetu. Simba na Yanga wamepasuka na kutukanana karibu miaka tisini, na hawajafa, kwa sababu wana mahali pa kuulizana. Kwetu, timu iliuawa na swali moja tu, kwa sababu jibu lake halikuwa na mahali pa kukaa.

Na sasa niseme lile ambalo nimelizungukia tangu mwanzo wa makala hii.

Nilisema pesa zote zilienda kwenye mguu. Si kweli. Zilizoenda kwenye mguu ni 3,000: pikipiki ya kwenda hospitali na kurudi kwa wiki mbili, dawa za dukani, na chakula nilichompelekea mama yake. Zile 1,500 nilizikopa mimi. Nyumbani hapakuwa na kitu, nikajiambia nitarudisha mwisho wa mwezi kabla mtu hajajua. Mwisho wa mwezi ukapita. Kama ningekuwa na daftari, nisingezichukua, maana ningelazimika kuandika jina langu. Au ningezichukua nikaandika "mkopo", na wenzangu wangenitukana siku moja kisha tukaendelea kucheza. Badala yake niliwaacha wagawanyike, wanane wakiamini mimi ni mkweli na saba wakiamini mimi ni mwizi. Ukweli ulikuwa katikati, nami nilikuwa peke yangu niliyeujua.

Juma lililopita nilivuka laga. Nilikwenda kwa wale saba kwanza, kwa sababu wao ndio waliokuwa sahihi kuuliza. Nikawaambia kama nilivyowaambia ninyi. Kapteni wao hakunijibu. Mdogo wao mmoja akasema, "Mwalimu, sasa unaleta pesa au unaleta maneno?" Nilikuwa nimebeba 500. Nikazimwaga chini, sarafu na noti, mbele yao wote, wakahesabu.

Hawajakubali kurudi. Huenda wasirudi, na pengine si vibaya. Babu alikuwa na Chula yake, Yanga wana Simba wao. Tukiwa timu mbili za kweli, kila moja na kumi na mmoja wake na daftari lake, utakuwa utani mzuri na kambi nzima itakuja kutazama. Tumekubaliana jambo moja tu: jezi zote kumi na tano zikae kwa yule dada wa timu ya wasichana, na timu yenye mechi itaziandikisha na kuzichukua. Wasichana nao wakiwa na mechi watazivaa. Yeye amekubali kwa sharti kwamba zirudi zimefuliwa.

Nimenunua daftari. Mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza una jina langu: nadaiwa 1,500, nimelipa 500, zimebaki 1,000. Chini wametia saini watu wawili, mmoja wa upande huu na mmoja wa ng'ambo.